Msikilize Mmoja Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kusomesha na Kudadisi Darasani

Mwaka wangu wa tatu wa ualimu, kaskazini mwa Pemba, nilikuwa na kijana wa darasa la tatu niliyeamini kuwa anasoma kuliko wenzake wote. Tukifungua kitabu, sauti yake ndiyo inayotangulia. Haikwami, inapanda na kushuka panapostahili. Siku moja upepo wa kusi ukaingia dirishani ukafunua kurasa mbili mbele, na yeye akaendelea na hadithi ya ukurasa uliokwisha ondoka, kidole kikipita juu ya maneno mengine kabisa. Baada ya kipindi nikamwita barazani, nikamwandikia neno moja kwenye karatasi: meza. Akanitazama mimi usoni, karatasi hakuitazama. Hakuweza kulisoma.

Hakuwa mtoto mzito wa akili. Alikuwa amekihifadhi kitabu kizima kwa kusikia tu, kama alivyokuwa akihifadhi sura chuoni, yaani madrasa ya Kurani, tangu ana miaka minne. Watoto wetu wanalelewa katika kuhifadhi, na ni neema kubwa kwao. Lakini darasani neema hiyo inaweza kumficha mtoto asiyejua kusoma kwa miaka mitatu, na mwalimu yupo mbele yake kila siku. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikilisikiliza darasa, sikuwa nikimsikiliza mtoto.

Ninayoyaandika hapa yametokana na kosa hilo. Ni kwa mwalimu wa darasa la kwanza hadi la nne, mwenye wanafunzi 60 au 80 chumbani, skuli ya mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na vitabu visivyotosha. Vifaa vyote vinapatikana: chaki, maboksi, uzi, kijiti kilichonyooka na simu yako. Utaratibu ni huu ninaoufuata kila muhula: napima kwanza, halafu napanga makundi, nasomesha, nadadisi pamoja nao, kisha napima tena.

Hatua ya kwanza: karatasi moja ya kupimia

Usingoje mtihani wa kuchapwa. Chukua karatasi moja uigawe ngazi nne: silabi, maneno, aya na hadithi. Mpangilio huu ndio walioutumia watu wa mpango wa Uwezo kupimia watoto majumbani Tanzania, Kenya na Uganda, nao asili yake ni shirika la Pratham la India. Sababu ya kuupenda ni kwamba ndani ya dakika tatu unajua mtoto amefika wapi, tena unajua la kumfanyia kesho.

Kwenye silabi andika kumi zilizochanganywa: ma, ti, ko, lu, be, sha, nyu, mbo, ng'a, dhi. Usizipange kwa mfuatano, maana ukiandika ba, be, bi, mtoto atakuimbia mpaka bu akiwa anaangalia nje. Watoto waliopita chuoni hawapati tabu ya kutamka dh, th wala gh. Kinachowachanganya ni maandishi, kwa sababu kwa Kiarabu wamezoea sauti hiyo kuwa na herufi yake moja, na hapa wanakuta herufi mbili zimekaa pamoja. Na ukimwona mtoto wa darasa la kwanza anasoma "ma" kama "am", mwulize kwanza ameanzia upande gani. Huenda anasoma vyema, ila ameanzia kuliani kama alivyofundishwa kwenye juzuu.

Maneno kumi yaanze na mepesi, yamalizie na mazito: kiti, meza, kuku, ngoma, mvua, nyumba, chungwa, ng'ombe, dhahabu, karafuu.

Aya iwe ya sentensi nne fupi, juu ya jambo analolijua:

*Mama ameanika karafuu uani. Wingu jeusi limetanda. Asha anakimbia kukunja jamvi. Mvua inaanza kunyesha.*

Hadithi nimeizoesha iwe na maneno 50 kamili, kwa sababu hesabu ya makosa inakuwa rahisi. Hii hapa ya kuanzia, nakili uitumie:

*Babu Juma ana dau dogo. Kila asubuhi huenda baharini kuvua. Leo hakwenda kwa sababu upepo ni mkali. Amekaa chini ya mkungu akishona wavu wake. Mjukuu wake, Salim, amemletea chai na muhogo. "Babu, upepo utapungua lini?" Salim akauliza. Babu akatazama miti, akatazama na mawingu. "Kesho tutakwenda sote," alisema. Salim akafurahi sana.*

Chini yake weka maswali matatu ambayo utamwuliza kwa mdomo. La kwanza jibu lake limeandikwa: Babu Juma hufanya kazi gani? La pili linataka sababu: Kwa nini leo hakwenda? La tatu jibu lake halimo ndani ya hadithi hata kidogo: Unadhani babu alipotazama miti na mawingu alikuwa anatafuta nini? Mtoto wa pwani atakwambia alikuwa anaangalia kama upepo umetulia au mvua inakuja. Akisema hivyo, amesoma kwa akili yake na kwa maisha yake pamoja. Ninalithamini swali hili la tatu kuliko mengine mawili yote.

Hatua ya pili: kaa na mtoto mmoja

Chagua pahala pa kando, barazani au chini ya mwembe, wenzake wasiweze kusikia. Aibu ya kusoma mbele ya wenzako inamfunga mtoto ulimi hata kama anajua. Dakika tatu kwa mtoto, watoto kumi kwa siku, basi darasa la watoto 70 unalimaliza kwa siku saba za skuli. Wakati huo waliomo darasani wape kazi isiyohitaji sauti yako: kuchora dau la Babu Juma, au kunakili vitendawili vitano vya ubaoni na kuvichorea majibu.

Anza na aya, usianze na silabi. Akiisoma vizuri mpandishe kwenye hadithi. Ikimshinda mteremshe kwenye maneno, na yakimshinda hayo ndipo umpe silabi. Kwa njia hii anayejua hapotezi muda na asiyejua hateswi na karatasi nzima.

Mbele yake usimsahihishe. Hili ndilo gumu zaidi kwetu sisi walimu, kwa sababu mdomo unawasha. Ukimpa jibu umejipima wewe. Akikwama, hesabu moyoni mpaka tano, kisha mwambie kwa upole, "Liruke hilo, mwanangu, endelea." Uso wako uwe ule ule, amekosa au amepata.

Kuna makosa ambayo si makosa. Mtoto akifika palipoandikwa "Amekaa chini ya mkungu" akasoma "Kakaa chini ya mkungu", au "amemletea" akaisoma "kamletea", huyo ameelewa kila kitu na amekirudisha kwa lugha ya nyumbani kwao. Mimi huandika herufi K pembeni, yaani kienyeji, na siihesabu katika makosa ya kusoma. Ni somo la siku nyingine: nitawaandikia ubaoni "kakaa" na "amekaa" bega kwa bega, tuzungumze wapi tunasema hivi na wapi tunaandika vile. Mtoto asitoke barazani akidhani lugha ya mama yake ndiyo iliyomfelisha.

Baada ya hapo hesabu. Mwalimu Marie Clay wa New Zealand, aliyetumia maisha yake kusikiliza watoto wakisoma, alituachia kipimo ambacho bado sijaona kilicho bora kwa mwalimu asiye na muda. Mtoto akisoma sawa maneno 95 au zaidi katika kila 100, kitabu hicho ni chepesi kwake, anaweza kukisoma peke yake. Akiwa kati ya 90 na 94, kinafaa kusomeshwa nacho mwalimu akiwa karibu. Chini ya 90 kimemzidi. Kwa hadithi yetu ya maneno 50: makosa mawili au pungufu ni chepesi, matatu hadi matano ni cha kujifunzia, sita na kuendelea mpe kingine.

Matokeo yaingize kwenye daftari moja tu. Mstari mmoja kwa mtoto: jina, tarehe, ngazi aliyofika, idadi ya makosa, na maneno machache yenye maana. Usiandike "dhaifu". Andika "anasoma ng' kama ng", "anakisia kwa herufi ya kwanza", "anajibu kwa nini, hajibu unadhani". Neno "dhaifu" halikwambii ufanye nini kesho asubuhi.

Hatua ya tatu: makundi kwa ngazi

Ukishajua nani yuko wapi, utastaajabu. Katika darasa moja la tatu nimepata watoto wa silabi na watoto wanaosoma hadithi kwa raha, wamekaa dawati moja. Somo moja la ubaoni haliwezi kuwafaa wote wawili.

Pratham tangu miaka ya 2000 wamejenga njia nzima juu ya jambo hili: kwa sehemu ya siku watoto wa madarasa tofauti wanapangwa upya kwa ngazi yao ya kusoma, wanasomeshwa pale walipo, kisha wanarudi madarasani mwao. Mkikubaliana walimu watatu wa darasa la pili, la tatu na la nne, mnaweza kufanya hivyo kwa kipindi kimoja cha kila siku: mmoja achukue wa silabi, mmoja wa maneno na aya, mmoja wa hadithi. Anayechukua wa silabi awe mwalimu hodari kuliko wote. Mara nyingi tunafanya kinyume chake.

Ukiwa peke yako gawa darasa pande mbili tu. Makundi matano yanapendeza kwenye andalio la somo, lakini kwa watoto 70 yatakuvuruga. Upande mmoja unafanya kazi ya wawili wawili kwa kadi, upande mwingine uko na wewe, na baada ya dakika 20 mnabadilishana.

Hatua ya nne: vifaa vinavyosomeka

Kadi za silabi zikate kwenye maboksi ya dukani, ukubwa wa kiganja. Andika kwa markapeni upande mmoja tu. Kadi 40 kwa kila jozi ya watoto zinatosha. Vizibo vya chupa pia vinafaa: andika silabi kwenye karatasi ndogo, igandishe ndani ya kizibo, na mtoto anazipanga mezani kujenga maneno. Mchezo wetu ni huu: nawapa ka, ra, fu, u, ma, ti, ti, ku, nao wanatafuta maneno mengi iwezekanavyo. Watapata mara na kura, matiti yatawachekesha, karafuu atapata mmoja na atapiga ukelele.

Kadi za vitendawili ndizo ninazozipenda zaidi. Upande mmoja andika "Nyumba yangu haina mlango", upande wa pili "yai". Mtoto mmoja anasoma "Kitendawili!", mwenzake anajibu "Tega!", na hapo hawezi kutega bila kusoma. Anza na vile ambavyo hawavijui, la sivyo watavisema kwa kuhifadhi. Kisha watume nyumbani wakalete vipya kutoka kwa bibi zao. Kila Jumatatu darasa langu linaleta visivyopungua kumi, na vinaingia kwenye sanduku.

Kitabu cha darasa ni kifaa kingine kisichogharimu. Watoto wanakusimulia jambo lililotokea, kwa mfano ng'ombe alivyoingia uwanjani mwa skuli, nawe unaandika ubaoni kwa maneno yao hasa. Wanayasoma, mnayasahihisha pamoja, kisha yananakiliwa kwenye manila iliyokunjwa na kushonwa kwa uzi. Wanakisoma kitabu hicho mpaka kinachakaa, kwa kuwa ni chao. Siku ya pili funika neno moja kwa kiganja na uwaulize ni lipi. Utaona mara moja nani anasoma na nani anakumbuka.

Vitabu vya bure vipo pia, na vinaingia kwenye simu. African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi fupi nyingi za Kiswahili zenye picha, zimepangwa kwa ngazi. StoryWeaver ya Pratham Books nayo ina za Kiswahili. Vyote viwili vinaruhusu kupakua, kuchapa na hata kuirekebisha hadithi ilimradi umtaje mtunzi wa asili. Ruhusa hiyo ya kurekebisha itumie. Palipoandikwa "shule" mimi huweka "skuli", na hadithi ya mlima wenye theluji naiacha mpaka darasa la nne. Kwa upande wa mbinu, mpango wa TESSA wa Open University ya Uingereza una moduli za walimu wa msingi kwa Kiswahili, za bure vile vile. Ukiwa na bando, pakua nyumbani usiku, kisha peleka kuchapisha. Kituo cha walimu kama Mitiulaya kwa walio Wete au Michakaini kwa walio Chake Chake ni pahala pa kwanza pa kuuliza msaada wa mashine, na pa kukutana na mwenzako anayehangaika na jambo lile lile.

Ukikosa vyote, hadithi moja kwenye ubao inatosha kwa wiki nzima.

Hatua ya tano: upimaji wa kila siku

Tumezoea kuuliza, "Mmefahamu?" na darasa linajibu, "Ndiyooo!" Jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Acha kuliuliza.

Badala yake kila mtoto awe na kibao chake. Kipande cha plaiwudi au boksi gumu lililopakwa rangi nyeusi kinatosha, na chaki. Uliza swali, wape muda wa kuandika, hesabu tatu, wote wanyanyue kwa pamoja. Kwa kutupa jicho mara moja unawaona 70. Wakikosa watano, utakaa nao baadaye. Wakikosa 40, somo halijaingia, rudi nyuma hapo hapo. Uzuri wa kibao ni kwamba kosa linafutika kwa kiganja, wala halibaki daftarini likimtazama mtoto mwaka mzima.

Kwa maswali ya mdomo andika majina yao kwenye vijiti, vitie kwenye kopo, uchomoe kimoja. Uliza swali kwanza, nyamaza kidogo, ndipo uchomoe. Ukitaja jina mwanzo, wale 69 wengine wameshapumzika.

Mwisho wa kipindi, wa darasa la tatu na la nne waandike sentensi moja kwenye kikaratasi wakupe mlangoni wakitoka. Ninavipanga mafungu matatu nikiwa nimesimama: kapata, yuko karibu, bado. Dakika nane. Fungu la tatu ndilo linaloandika andalio langu la kesho. Paul Black na Dylan Wiliam, walipozikusanya tafiti za upimaji wa darasani mwaka 1998, walionyesha kuwa upimaji unaombadilisha mwalimu anachofanya baadaye ndio unaoinua watoto, na walio nyuma ndio wanaofaidika zaidi. Kupima bila kubadili kitu ni kazi bure.

Kwenye kusahihisha, jaribu wiki mbili bila alama. Utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988 ulionyesha kuwa wanafunzi waliopewa maelezo tu waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na hata kuliko waliopewa alama pamoja na maelezo, kwa maana alama ikiwepo mtoto haangalii kingine. Maelezo yenyewe yawe mafupi na ya kufanyika: "Sentensi yako ya pili haina nukta. Itafute uiweke." Wapo wazee watakaokuja kuuliza alama ziko wapi. Waonyeshe daftari lako, na umsomeshe mtoto mbele yao. Hawataondoka na manung'uniko.

Hatua ya sita: udadisi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanauweka udadisi upande wa sayansi na kuusubirisha mpaka watoto wajue kusoma. Mimi nimeona kinyume chake. Mtoto mwenye swali lake mwenyewe anataka kuandika, na mtoto aliyeandika anachodhani anataka kusoma kama alipatia.

Kila udadisi una daftari la safu tatu: Tunadhani, Tumeona, Kwa nini. Safu ya kwanza lazima ijazwe kabla ya kugusa chochote, kwa wino, isifutwe. Mtoto akikosea dhana yake mwambie hakuna ubaya, ndiyo maana tunakwenda kuangalia.

Anza na kivuli, kwa sababu jua halikosi. Simika kijiti kilichonyooka cha mita moja kwenye uwanja tambarare, ukikihakikisha kwa uzi uliofungwa jiwe. Kabla ya hapo uliza: kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi, na kitaelekea wapi? Karibu wote wataandika saa sita kamili. Kuanzia saa sita kasorobo mpaka saa saba kasorobo waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi na wapime kwa rula. Katika skuli ya mikondo miwili wa asubuhi huanza na wa mchana humalizia, na barua wanazoandikiana kukabidhiana kazi ni somo zuri la uandishi.

Watakuta kivuli kifupi hakiji saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya 45, na sisi tuko karibu na ya 40. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua linafika kwetu kama dakika 20 baadaye, zikizidi au kupungua hata kwa robo saa kwa msimu. Kisha waulize adhuhuri inaingia wakati gani. Watakujibu wenyewe: jua likishapinduka. Mtoto anagundua kuwa aliyofundishwa chuoni na aliyoyapima uwanjani ni jambo moja, na sijaona somo jingine linalowatia nuru usoni namna hiyo.

Uelekeo nao una utamu wake. Pemba na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini, na kila mtoto anaijua kaskazini bila dira. Rudieni kipimo kila mwezi. Mwishoni mwa Juni, kwa kijiti cha mita moja, kivuli cha adhuhuri kinafika kama sentimita 55 na kinaelekea kusini. Mwishoni mwa Disemba kinakuwa kama sentimita 33 na kinaelekea kibla. Kati yake, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kuna siku chache kinakaribia kupotea kabisa. Kokoto za Juni ziache pale pale na muzichimbie, mpaka Disemba watakuja kuzitazama.

Msimu wa karafuu ukifika, omba mbichi kilo moja. Pimeni kila asubuhi zikianikwa, siku nne au tano za jua, na muandike uzito kwenye chati ukutani. Tunadhani: zitabaki gramu ngapi? Zikikauka barabara inabaki kama theluthi moja. Mzazi mmoja mchumaji alikuja kuwaeleza kwa pishi na vibaba, wakajifunza kuwa pishi ni vibaba vinne, na siku hiyo hesabu ya sehemu ikaingia bila fimbo wala wimbo. Kama mvua itazinyeshea, msizitupe. Pimeni, andikeni, na muulizane kwa nini mama wa ile aya yetu alihangaika na jamvi.

Maji ya bahari ni udadisi wa mwezi mzima. Watoto wasitumwe pwani peke yao. Waulize wavuvi na kina mama wa mwani saa ya maji kujaa, kila siku, na waandike pamoja na tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Baada ya wiki mbili wataona saa inasogea kama dakika 50 kila siku, na kwamba bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka sana, linafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, yako katikati. Waache walione wenyewe. Ukiwaambia siku ya kwanza, umeua swali.

Upimaji wa udadisi usiwe mtihani wa majibu. Mimi naangalia mambo matatu kwenye daftari lao: je, aliandika dhana kabla ya kuona? Je, namba zake ni alizopima au alizonakili kwa mwenzake? Je, safu ya "Kwa nini" inataja kitu alichokiona? Mtoto wa silabi naye achore na aseme, nawe umwandikie chini ya picha yake sentensi anayoitoa mdomoni, kisha aisome. Hiyo ndiyo kadi yake ya kusomea wiki nzima.

Hatua ya saba: pima tena

Baada ya wiki sita rudi barazani na karatasi mpya. Ngazi zile zile, hadithi nyingine ya maneno 50. Ya Babu Juma hailetwi tena, kwa sababu watakuwa wameihifadhi. Fungua daftari ukurasa wa zamani na mpya pamoja, umsogeze aliyepanda, na yule ambaye wiki sita hajasogea mwangalie kwa upya kabisa: macho, masikio, njaa ya asubuhi, mahudhurio. Mjue pia nani anakaa naye nyumbani, umwite mzee wake, wala usimwite kwa lawama. Mwambie jambo moja tu la kufanya: kila usiku amsikilize mtoto akisoma kadi tano, hata kama yeye mwenyewe hajui kusoma. Kukaa naye tu kunatosha.

Yule kijana wa meza tulianza naye kwenye silabi, darasa la tatu, miongoni mwa wadogo zake. Sikumficha sababu, na wala hakulia. Kichwa kile kilichohifadhi kitabu kizima kikazihifadhi silabi upesi kuliko wote. Wiki ya kumi na moja alikuja mlangoni na kikaratasi chake cha kutokea, ameandika bila kunakili pahala popote: "Kivuli changu leo kifupi kuliko jana." Kifupi alikiandika kwa v. Nilimwekea alama ndogo chini ya herufi hiyo, nikamrudishia alitafute kosa mwenyewe, na hicho kikaratasi bado nimekibandika ndani ya jalada la daftari langu.